Ngumi Inayojua Kusimama

Kwa miezi minne sikuruhusiwa kupigana na mtu yeyote. Wenzangu walipopanga mistari miwili wakitazamana, tayari kwa kumite, yaani pambano la wawili wawili, mimi nilikwenda kwenye kona ya ukumbi, nikaugeukia ukuta, nikaanza kuhesabu. Ngumi 100 za mkono wa kulia, 100 za mkono wa kushoto. Masharti yalikuwa mawili: kila ngumi iende kwa kasi yote niliyo nayo, na hata moja isiguse ukuta.

Nilikuwa na umri wa miaka 29, na nilikuwa nimefanya karate kwa mwaka mmoja na nusu. Niliingia dojo, ukumbi wa mazoezi ya karate, kwa sababu nilikuwa nimechoshwa na nafsi yangu: mtu wa kuanza mambo kwa moto na kuyaacha njiani, mtu wa kuahidi asubuhi na kusahau jioni. Nilitaka nidhamu, na niliielewa nidhamu kama wengi wanavyoielewa, yaani uwezo wa kujilazimisha. Kuamka wakati mwili unataka kulala. Kushuka kwenye kiba-dachi, ule mkao wa mpanda farasi, mpaka mapaja yatetemeke, na bado usinyanyuke. Kwa kipimo hicho nilikuwa nimefika mbali. Sikukosa zoezi hata moja. Nilifika kabla ya wengine, nikafagia sakafu, nikakaa seiza, yaani kupiga magoti na kukalia visigino, huku magoti yakiuma bila kujitikisa. Nilikuwa hata nimeanza kuwasema moyoni wale waliochelewa.

Kisha jioni moja nikapangwa na dada mmoja aliyekuwa mdogo kwangu kwa umri na kwa umbo. Alikuwa mwepesi. Aliingia mara ya kwanza, akanigusa kifuani, akatoka. Mara ya pili akanigusa shavuni. Mara ya tatu tena kifuani, na safari hii nikasikia mtu pembeni akicheka kidogo. Hakuwa amenicheka mimi, nilikuja kujua baadaye. Lakini masikio yangu yalikuwa yameshapata moto. Alipoingia mara ya nne nikarusha mkono wa kulia na mwili wangu wote ukaufuata. Ngumi ikampata puani. Damu ikashuka kwenye sare yake nyeupe, akapiga goti, na ukumbi mzima ukanyamaza.

Kila mtu alidhani ni ajali. Ajali za namna hiyo hutokea, na mwenyewe aliinua mkono kuonyesha kwamba yuko sawa, japo hakuwa sawa. Walimpeleka kupimwa. Pua haikuvunjika, lakini alikaa nje ya mazoezi kwa wiki mbili.

Mafunzo yalipokwisha Sensei, mwalimu wetu, alinibakiza. Hakufoka. Aliniuliza swali moja tu: "Uliisikia?"

Nilijua anachouliza. Sauti yake ilikuwa imetamka "yame", amri ya kusimama, kabla ngumi yangu haijafika. Yeye aliona lile joto usoni mwangu kabla sijalitambua mwenyewe, akaita mapema. Na mimi niliisikia. Ilipita masikioni mwangu waziwazi kama mtu aliyeniita jina, na mkono ukaendelea na safari yake.

"Niliisikia, Sensei."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi umejifunza nusu ya karate. Nenda ukaanze ile nusu nyingine." Akaninyooshea kidole kwenye ule ukuta.

Nilipompigia simu yule dada kuomba radhi, alinijibu kwa upole ulioniumiza kuliko matusi. "Nimeshakusamehe, kaka. Lakini sitasimama nawe tena mpaka nikuamini." Sikuwa na la kusema. Kusamehewa na kuaminiwa ni vitu viwili, na mimi nilikuwa nimepewa kimoja.

Katika karate kuna neno sun-dome. Sun ni kipimo cha zamani cha Kijapani, karibu sentimita 3, na dome ni kusimamisha. Maana yake ni kuipeleka ngumi au teke kwa nguvu kamili na kulisimamisha pigo likiwa limebakiza kama upana wa vidole viwili kumfikia mwenzako. Nilikuwa nimelisikia neno hilo tangu wiki ya kwanza. Nililichukulia kama kanuni ya usalama, kitu cha kuwazuia watu wasiumizane. Sikuwahi kulifikiria kama ustadi unaohitaji kufundishwa, tena mgumu kuliko kupiga kwenyewe.

Ukuta ulinifundisha hilo siku ya kwanza. Ngumi ya tatu iligonga. Ya saba ikagonga. Kufikia ngumi ya thelathini, vifundo vya kidole cha shahada na cha kati vilikuwa vimechubuka. Nikafanya ambalo yeyote angefanya: nikaanza kupiga kwa hofu. Ngumi zikawa fupi, zikisimama umbali wa kiganja kizima kutoka ukutani, zimelegea, hazina maana. Sensei akapita nyuma yangu. "Hiyo siyo kuisimamisha," akasema. "Hiyo hukuipeleka." Akaendelea na safari yake.

Kwa wiki kadhaa niliyumba kati ya makosa hayo mawili. Ama niligonga, ama niliogopa. Nilidhani tatizo liko mkononi, kwa hiyo nilikaza mkono: nikakaza bega, nikakaza meno, nikajaribu kuivuta ngumi irudi sekunde ileile niliyokuwa naisukuma. Ilikuwa kama kuendesha gari ukiwa umekanyaga mafuta na breki kwa pamoja. Nilichoka haraka, bega likauma, na ukuta ukaendelea kugongwa.

Mwanga ulikuja siku Sensei alipokuja kusimama karibu nami, akaniambia nipige mara moja, kisha nibaki hapohapo nilipo. Nikabaki. "Kisigino chako cha nyuma kiko wapi?" Nikatazama. Kilikuwa hewani. "Kifua chako kiko wapi?" Kilikuwa kimeinama mbele, kimelipita goti la mguu wa mbele. "Ndiyo maana. Wewe unairusha. Kitu ulichokirusha huwezi kukisimamisha, kimeshatoka kwako. Ngumi inapelekwa. Ukiipeleka, ni yako mpaka mwisho."

Kurusha na kupeleka. Nimeyachezea maneno hayo mawili kichwani kwa miaka mingi sasa. Na si falsafa, ni mambo ya mwili unayoweza kuyapima. Misuli ya nyuma ya mkono ndiyo inayonyoosha kiwiko, na ile ya mbele ndiyo inayokikunja. Ngumi inaposimama ghafla, upande wa pili umeshika breki, pamoja na mgongo na tumbo. Sasa, breki hiyo inahitaji mahali pa kushika. Kama kisigino kiko ardhini, nyonga imegeuka na mgongo umenyooka, mwili mzima unashika. Kama uzito umeshapita mguu wa mbele, unaanguka, na mtu anayeanguka hana breki, hata awe na nia njema kiasi gani. Si kwamba nilimpiga yule dada kwa sababu sikutaka kusimama. Nilikuwa nimeshaanguka kabla ya "yame", tangu pale masikio yalipopata moto nikaacha miguu yangu.

Basi Sensei akaniondoa kwenye ngumi na kunirudisha kwenye miguu. Akanipa Heian Shodan, kata (mfululizo wa miondoko iliyopangwa) ambayo nilikwisha kufanyia mtihani na kufaulu, na ambayo niliiona kuwa ya watoto. Kata za Pinan, ambazo ndizo zilizokuja kuitwa Heian, zinatokana na Anko Itosu, yule mwalimu wa Okinawa aliyeiingiza karate shuleni mwanzoni mwa miaka ya 1900. Heian Shodan ina miondoko 21 na haifiki dakika moja. Lakini ina kipimo kimoja kisichodanganyika: ramani yake inakurudisha pale pale ulipoanzia. Sensei alibandika kipande cha utepe sakafuni, akaniambia nianzie juu yake. Nikamaliza hatua moja nzima upande wa kushoto. Nikarudia, nikamaliza nyuma ya utepe. Kila hatua yangu ilikuwa na urefu wake. Nilipokuwa nimechangamka hatua zilirefuka, nilipochoka zikafupika, na mimi muda wote nilijiona niko imara. Utepe ulisema ukweli niliokuwa sijaambiwa na mtu kwa mwaka mmoja na nusu.

Nilitumia mwezi mzima kutafuta hatua moja yenye urefu uleule. Mtu anaweza kuona huo ni upotevu wa muda. Gichin Funakoshi, mzaliwa wa Okinawa wa mwaka 1868 aliyeipeleka karate Tokyo kwa onyesho la mwaka 1922, alieleza kwamba alikaa miaka kumi akijifunza kata tatu za Tekki tu, usiku baada ya usiku, chini ya mwalimu asiyemruhusu kwenda mbele. Nilikuwa nimezisoma habari hizo kabla, nikazipenda kama watu wanavyopenda habari za mashujaa. Nilipozikumbuka mbele ya ukuta wangu ziliacha kuwa za shujaa. Zilikuwa habari za mtu ambaye kila usiku aliambiwa "bado", akarudi kesho yake.

Funakoshi huyohuyo aliwaachia wanafunzi kanuni 20. Ya kwanza inasema karate huanza kwa heshima na kumalizika kwa heshima. Ya pili, kwamba katika karate hakuna pigo la kwanza. Hii ya pili nilikuwa nikiifahamu juujuu: usianzishe ugomvi. Na kweli, kata zote tano za Heian huanza na mwondoko wa kujikinga. Lakini nikiwa pale ukutani nilianza kuona kwamba pigo la kwanza haliko mkononi. Mimi nilikuwa nimempiga yule dada mara tatu rohoni kabla ya kumpiga mara moja puani.

Mwaka 2021, michezo ya Olimpiki ya Tokyo ilipochezwa kwa kuchelewa, niliona jambo lililonirudisha kwenye kona yangu. Ilikuwa fainali ya wanaume wa uzito wa zaidi ya kilo 75. Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa akiongoza kwa pointi 4 kwa 1 dhidi ya Sajad Ganjzadeh wa Iran. Akarusha teke la juu, likampata Ganjzadeh kichwani, akaanguka akiwa amepoteza fahamu. Waamuzi wakajadiliana, kisha wakamwondoa Hamedi kwa kupiga kupita kipimo. Dhahabu ikaenda kwa mtu aliyebebwa kwa machela. Watu wengi walibishana siku ile, wengine wakisema ni mchezo wa ajabu unaomnyima ushindi aliyeshinda. Mimi nilimhurumia sana Hamedi, maana mashindano yale yalikuwa ya kasi ambayo sitaifikia maishani, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Lakini sikuona ajabu katika uamuzi ule. Karate inampa pointi mtu anayeweza kufika na pia anayeweza kusimama. Ukifika tu, hujamaliza.

Nje ya dojo mambo yalikwenda kwa mwendo wa kobe. "Hasira hasara" niliijua tangu utoto, kama kila mtu. Ilikaa sikioni. Haikuwahi kushuka miguuni.

Mara ya kwanza nilipoihisi imeshuka ilikuwa siku mdogo wangu wa kiume alipotumia kompyuta yangu bila kuniuliza na kufuta kazi ya wiki mbili. Alikuja mwenyewe kuniambia, amesimama mlangoni, macho chini. Zamani ningelipuka hapohapo, na maneno yangu yangemfuata mwezi mzima. Siku ile jambo la ajabu likatokea: nilihisi bega langu la kulia limepanda. Bega lilelile. Nikahisi pia kwamba nimeegemea mbele kwenye kiti, uzito wote uko kwenye vidole vya miguu. Mwili wangu ulikuwa ukijiandaa kurusha, na kwa kuwa nilikuwa nimekaa wiki nyingi nikiutafuta mkao huo ili niusahihishe, niliutambua. Nikashusha visigino. Nikatoa pumzi. Nikamwambia, "Kaa, mdogo wangu. Nimekasirika sana. Niambie ilivyokuwa." Nilikasirika kweli, na nilimwambia mambo makali, lakini kila nililosema nililipeleka mwenyewe. Hakuna hata moja nililotamani kulirudisha baadaye.

Nisidanganye kwamba tangu hapo nimekuwa mtu mpole. Miezi miwili baadaye, mwisho wa wiki ambayo sikulala vizuri, nilimjibu mwenzangu wa kazini mbele ya watu kwa maneno ambayo hata leo yananitia aibu. Nilikuwa nimekula vibaya, nimelala kwa muda wa saa nne tu kila usiku, nimekubali kazi tatu nilizopaswa kuzikataa. Nilipofikiria tukio lile, niliona kisigino hewani tena. Wakati naropoka ilikuwa nimeshachelewa. Kosa lilikuwa siku tano nyuma, nilipoanza kuuondoa mwili wangu ardhini kidogo kidogo. Tangu hapo nimeacha kuchukulia usingizi kama zawadi ya mtu aliyemaliza kazi. Usingizi ni mkao.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi wanaozungumzia nidhamu. Nidhamu inayohubiriwa zaidi ni ya kusukuma: ongeza, kaza, usikubali, uchungu ni udhaifu unaotoka mwilini. Mimi nilikuwa bingwa wa nidhamu hiyo, na ndiyo iliyomtoa damu puani mtu asiye na kosa. Mtu anaweza kufika dojo kabla ya wote kwa mwaka mmoja na nusu na bado asiweze kutii neno moja lenye silabi mbili. Nimewaona pia walimu wanaowafundisha vijana kupiga kwa kuwatukana na kuwapiga, na wanaita huko kujenga ukakamavu. Vijana hao huwa wakali kweli. Lakini kila mara ninapowaona wakipigana huwa naangalia visigino vyao.

Mwezi wa nne ukutani nilikuwa nimeacha kuhesabu siku. Ngumi zilikuwa zinakwenda na kusimama, hewa ikigonga ukuta na kunirudia usoni kidogo. Ilikuwa bado inatokea nikagusa, labda mara moja au mbili katika 200, hasa mkono wa kushoto. Sikuwa tena naona ni adhabu. Ukweli ni kwamba nilianza kupenda ile nukta ya mwisho, pale nguvu zote zinapokuwa zimefika na hakuna kilichovunjika.

Jioni moja, baada ya kupasha mwili, Sensei alitangaza kumite, nami nikaelekea kwenye kona yangu kama kawaida. Nilipogeuka, yule dada alikuwa amenifuata. Alipita mbele yangu, akaegemeza mgongo wake ukutani, mahali palepale ambapo ngumi zangu zilikuwa zikiishia, akainama. Nikainama.

"Piga," akasema.

Nikamtazama Sensei. Alikuwa anafunga mkanda wa mtoto mmoja, hakugeuka.

Nikashuka kwenye mkao, nikapiga. Ngumi ikasimama umbali wa kiganja kizima kutoka usoni mwake.

"Hiyo siyo, kaka," akasema. "Hapo umeogopa. Piga kweli."

Nikatafuta kisigino. Nikashusha bega. Nikatoa pumzi na kuipeleka ngumi yote, nyonga na mgongo na kila nilichokuwa nacho, na ikasimama mbele ya pua yake. Nywele chache zilizokuwa zimemwangukia kwenye paji la uso zikatikisika. Hakupepesa macho.

"Tena," akasema. "Na wa kushoto."